Mwanachama Nambari Arubaini na Moja

Kikao kilianza saa kumi na robo, Maweni, kisiwani Manda,
chini ya bati la ofisi lililotoboka
hata kila mjumbe akawa na shilingi ya jua begani.
Akidi ilitimia. Nathibitisha mimi, Mutinda,
mweka hazina wa wachonga mawe,
mwenye vidole saba na nusu na hesabu isiyopungua.

Hoja: kule Amu mjini wanamjengea Bi Somoe ukumbusho,
mbele ya afisi aliyosimama mlangoni miaka kumi na mmoja
akidai vitambulisho vya watu
walioambiwa walete cheti cha kuzaliwa cha babu ya babu,
babu aliyezaliwa kabla karatasi haijajua njia ya Pate.
Kamati imeagiza marumaru nyeusi, ya ng'ambo.
Yauliza chama chetu kitatoa nini.

Ochola akasimama, hakungoja kuitwa.
"Maiti hali chakula. Mfuko wa matibabu una mia tisa.
Kifua cha Nyambega kimejaa vumbi la tumbawe,
akikohoa unaweza kupiga lipu."
Tukacheka. Nyambega naye akacheka, akakohoa,
tukaacha kucheka.

Kisha Kahindi, ambaye huwa hasemi:
"Mwaka ule shimo lilipomfukia Barasa
tajiri alisema yeye hamfahamu, jina halimo kwenye karatasi yake.
Nani alivuka na boti ya kwanza,
buibui limelowa hadi magotini,
akaketi juu ya kifusi
akasema haondoki mpaka marehemu awe mtu?"

Siku tatu aliketi.
Tulimpelekea chai ya rangi kwa zamu.
Ya nne, Barasa akapata jeneza, nauli ya kwao,
na jina, kwa wino, na muhuri.

Nikafungua daftari la ada, lile la jalada la kijani,
maana mimi mambo ya moyo huyatafuta kwenye hesabu.
Nambari arubaini na moja: Somoe Bwanaheri.
Katiba yetu yasema wazi, haingii asiyechonga,
naye alisema, "Basi nipeni shoka."
Alishinda kutwa nzima na jiwe moja.
Likatoka limepinda kama kauli ya karani,
upande huu inchi sita, upande ule nne,
likakaa mlangoni petu, kuuzuia mlango usibamizwe na upepo.
Kazi: mchonga mawe (moja).
Ada: shilingi hamsini, kila mwezi,
hata mwezi aliokuwa rumande; alimtuma mpwawe.
Halafu nafasi nne tupu. Miezi ya wodini.

Nikasoma kwa sauti: malimbikizo, shilingi mia mbili.
Na kifungu cha tisa mnakijua:
mwenye malimbikizo, chama hakisimami nyuma ya jina lake.

Nje msumeno wa jenereta ulizimika.
Ochola ndiye wa kwanza kuingiza mkono mfukoni,
huku akimtukana mtu asiyekuwapo.
"Andika hamsini. Na jina langu usiliandike."
Nyambega akalipa mwezi wa pili kwa sarafu,
akizihesabu moja moja, pumzi ikikatika katikati.
Risiti nilizikata kwa jina la Bi Somoe,
nne, na nakala zake za kaboni.

Fedha za marumaru hatukutoa. Hatuna.
Tulitoa jiwe.

Mjini fundi alitega timazi, akasonya.
"Hili limepinda, litanimalizia chokaa."
Tukamwambia aongeze chokaa.
Lipo safu ya pili kutoka chini, mkono wa kushoto;
marumaru juu yake imenyooka, jina kwa dhahabu.

Huku Maweni mlango wa ofisi unabamizwa na upepo usiku kucha,
na vikao vitatu vimepita
bila mtu kuleta hoja ya kutafuta jiwe jingine.